Niliyomwambia Mwalimu Wako

Temple Hills, Maryland
Juni 1998

Kwako Nakiete,

Salamu nilikupa mezani tulipokula, ukaniitikia bila kuinua macho, kwa hiyo sitazirudia hapa. Afya yangu unaijua. Soksi, dawa za kichwa, kadi ya simu na namba za watu wa kanisani mama yako ameshavipanga kwenye begi, na amekuandikia maelekezo ya kurasa mbili. Mimi sina la kuongeza kwenye hayo. Nina jambo moja tu, nimekaa nalo miaka minane, na nataka ulisome kesho alfajiri ukiwa kwenye gari la sajenti, kabla hamjafika mahali pa kusaini kuingia jeshini. Ukilisoma baada ya kusaini halitakufaa kitu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, ya shule, imekunjwa mara nne. Usiifungue kwanza. Lakini nakufahamu, umeshaifungua. Basi ikunje tena usome hii.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole ukitembeza kidole, kama ulivyokuwa ukisoma barua za Shangazi Namkunda tulipofika nchi hii, ukiwa na miaka sita. Kwa Kiingereza mimi ni mtu mpole. Nashukuru kila kitu, nacheka hata watu wasipochekesha. Ubaya wangu wote uko kwa Kiswahili, na ninayotaka kukuambia ni mabaya, kwa hiyo yatasemwa kwa Kiswahili.

Nianze na baba yangu, babu yako ambaye hukuwahi kumwona. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kule Usangi, mtu wa koti moja na maneno machache. Nilipofaulu kwenda sekondari, peke yangu katika darasa letu, wageni walikuja nyumbani kumpongeza. Baba akawaambia, "Wamekosea majina. Huyu ni gogo. Mtaona, watamrudisha kabla ya Krismasi." Mimi nilikuwa nimesimama palepale na sinia la vikombe. Wageni wakacheka, na kila mmoja akaanza kueleza jinsi wa kwake alivyo mjinga zaidi. Ndivyo tulivyokuwa. Mtu akikusifia mtoto unamponda papo hapo, ili jicho la mtu lisimkalie, na wewe mwenyewe usionekane unaringa. Watu wote pale sebuleni walijua baba yangu amejaa furaha mpaka anashindwa kumeza chai.

Lakini mchezo ule ulikuwa na sehemu ya pili. Jioni hiyohiyo Shangazi Namkunda aliniita jikoni kwake, akanipa kiazi cha moto, akasema, "Baba yako alikuja hapa juzi. Alikaa kwenye kigoda hicho akasimulia habari zako mpaka maharage yangu yakaungua. Anasema una kichwa cha babu yake. Usimwambie nimekuambia." Kumbe baba alikwenda kwake akijua kabisa kwamba ataniambia. Kazi ya shangazi ilikuwa hiyo. Baba anaponda mbele za watu, shangazi anakuja nyuma na ukweli, na mtoto anapata vyote viwili. Mimi sikuamini hata siku moja kwamba mimi ni gogo.

Tulipokuja Amerika nilibeba sehemu ya kwanza. Ya pili ilibaki Usangi. Ningeweza kumwandikia shangazi nikamwomba akuandikie maneno mawili matatu, stempu ilikuwepo na mkono ulikuwepo. Sikufanya hivyo. Barua zake kwako zilikuwa za salamu na kuulizia kama huko kuna baridi, kisha akafa.

Sasa twende shuleni. Ulikuwa na miaka kumi, darasa la nne, kwa Bi. Harmon. Waliniita mchana, nikatoka kazini Beltsville na mabuti yangu, nanuka kuku. Ndani ya chumba kulikuwa na Bi. Harmon, bwana mmoja wa ofisini mwenye faili, na wewe umekaa kwenye kiti cha pembeni, soksi moja imeshuka. Bi. Harmon akasema unasoma vitabu vya watoto waliokuzidi miaka minne. Akasema kuna darasa maalumu katika shule nyingine, watoto wachache tu, basi la shule litakuja kukuchukua mlangoni, na anataka jina lako liwe la kwanza. Macho yake yalikuwa yanang'aa, maskini mama wa watu. Akaniangalia, akangoja.

Nikacheka. Nikasema kwa Kiingereza changu kibovu, "Huyu? Hapana, mwalimu. Huyu ni mvivu sana, na kichwa chake kizito. Labda amenakili kwa mwenzake."

Nikatulia nikingoja zamu yao. Kwetu mwalimu angesema, "Acha hizo, mzee," tukacheka wote, mambo yakaendelea. Hakuna aliyecheka. Yule bwana akafungua kalamu na kuandika. Bi. Harmon akakugeukia wewe, sauti imeshuka, akakuuliza kama ni kweli ulinakili.

Ulinitazama mimi kwanza. Ulinitazama muda mrefu tu, na mimi bado nimekenua meno. Kisha ukamgeukia ukasema, "Yes, ma'am."

Hukuwahi kunakili chochote maishani mwako. Ulisema ndiyo ili baba yako asionekane mwongo mbele ya Wazungu wawili. Nilijua hivyo, palepale, na bado sikufungua mdomo. Njiani nikakununulia chipsi. Ulizila moja moja, nami nikaona mambo yamekwenda vizuri, mtoto wangu ana adabu.

Wiki mbili baadaye ikaja ile karatasi iliyoko kwenye bahasha. Kwa kuwa kuna mashaka, wanasema, mtoto anaweza kupimwa upya, peke yake, mbele ya msimamizi. Mzazi asaini tu. Na chini pameachwa mistari mitatu, mzazi aeleze kwa nini alifikiri mtoto amenakili. Fomu isiporudi, mtoto atabaki alipo na atapewa msaada wa kusoma. Niliisoma mara nne kazini, nimekaa juu ya gunia la chakula cha kuku. Nilielewa kila neno. Saini ningeweka. Ile mistari mitatu ndiyo iliyonishinda. Ningewaandikia nini? Kwamba mtu mzima alikuja shuleni kwenu akadanganya juu ya mtoto wake, na alidanganya kwa heshima? Nikaikunja, nikaitia kabatini kwangu chini ya glovu. Imekaa humo mpaka Ijumaa iliyopita.

Wakakuweka na watoto wasiojua kusoma. Wewe, uliyekuwa ukinisomea barua za watu wa umeme, mkawa mnasoma pamoja kitabu chenye picha ya mbwa na maneno matano. Mama yako aliuliza kuna nini. Nikamwambia ni ubaguzi, wamemkataa kwa sababu ni Mwafrika. Alilia siku mbili, na mpaka leo akipita mbele ya shule ile anageuza uso. Ubaguzi upo, Nakiete, nimekutana nao na utakutana nao. Lakini siku ile haukuwemo chumbani. Niliyekuwemo ni mimi.

Mpaka hapa unaweza kuanza kunionea huruma, ukasema maskini, ni mila zake zilimponza. Usinionee. Mila zilifungua mdomo wangu shuleni, sawa. Fomu niliifungia kabatini mimi, kwa akili zangu timamu, na sababu yake nitakuambia.

Nyumbani nilikuwa bwana mifugo, na stashahada yangu. Ng'ombe wa tarafa nzima hawakuuzwa bila saini yangu. Huku nilikuwa nakomba mavi ya kuku kwenye kituo cha utafiti, na kijana asiye na ndevu alinifundisha jinsi ya kushika koleo. Haya nilistahimili. Halafu jioni moja, mwezi uleule wa fomu, mwenye nyumba alipiga simu kuhusu bomba lililovuja. Nikaeleza, hanielewi. Nikaeleza tena. Ukaja wewe na miaka yako kumi, ukachukua simu mkononi mwangu, taratibu, kwa adabu kabisa, ukasema, "Samahani, baba yangu anamaanisha hivi." Ukamaliza kila kitu kwa dakika moja, ukanirudishia simu, ukaenda kupiga mswaki. Nilikuchukia. Haikuchukua muda mrefu, labda nusu saa, lakini neno lake ni hilo. Na nilipoitia fomu ile chini ya glovu, kuna kitu ndani yangu kilitulia.

Kazini nilipandishwa, kama unavyojua, nikapewa daftari la kuandika habari za kuku mmoja mmoja. Kila mmoja ana namba mguuni. Huyu ametaga, huyu hakutaga, huyu ameanza kuchechemea. Miaka yote hiyo sijaandika uongo juu ya kuku hata mmoja, kwa sababu ukidanganya mle unafukuzwa. Kwako hakukuwa na mtu wa kunifukuza.

Unamkumbuka Bwana Curtis, jirani yetu wa kulia, na mwanawe Darnell. Nilikuwa nawacheka sana. Jioni baada ya kazi mzee anatoka kusimama chini ya kile kikapu cha mpira, mtoto anarusha anakosa, anarusha anakosa, na baba anapiga makofi, "That's my man!" Mtoto hajafunga hata goli moja! Nilikuambia watu hawa wanaharibu watoto, wanasifia hata chafya. Ulikuwa umesimama dirishani, unawatazama. Nilifikiri unakubaliana nami.

Mwaka uliofuata ulipata cheti cha mashindano ya tahajia. Hukunipelekea mimi. Ulishuka ngazi ukampelekea Bwana Curtis. Nikasikia kelele nje, nikatoka nikiwa na kandambili. Yule mzee ameshika cheti chako juu, anaita majirani, anaita hata watu wasiotujua, anasema njooni muone, msichana huyu mdogo kutoka Afrika amewashinda wote. Wewe unaruka. Sikuwa nimewahi kukuona unaruka. Nikamwendea nikamwambia, "Bwana, tafadhali usimharibu mtoto." Akaniangalia. Akasema, taratibu, "Mzee, mtoto wako ameshinda. Au ningoje mpaka useme wewe?" Akanikabidhi cheti. Nikakishika. Ulikuwa unanitazama tena, kama siku ile kwa mwalimu, na nilikuwa na nafasi nzuri ambayo hakuna mtu angeweza kuniharibia.

Nikasema, "Walishindana watoto wangapi, wawili?"

Darnell leo anaendesha basi la abiria. Hana akili ya vitabu, na mpira hakuufunga mpaka mwisho. Lakini kila Jumapili anakuja kwa baba yake, wanakaa barazani mpaka jua linazama, na sijui wanazungumza nini muda wote huo. Mimi na wewe tukikaa pamoja nusu saa, mmoja lazima akumbuke kwamba kuna kitu jikoni.

Baada ya hapo ulianza kunisaidia kazi. Hii ndiyo sehemu ninayoona aibu kuiandika zaidi ya ile ya chuki. Tulikuwa Woodbridge, kwenye kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu, Watanzania na Wakenya nyumba nzima. Mama Njeri, yule nesi Mkenya, akaniambia, "Baba Nakiete, huyu msichana wako ako na akili sana. Ame-help mzee wangu na forms zake zote za immigration." Nikamjibu, "Akili gani? Huyu akichemsha maji anayaunguza." Watu wakacheka, na Mama Njeri naye akacheka kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Kisha wewe, na miaka yako kumi na miwili, ukadakia kwa Kiswahili kizuri kabisa, "Tena yakiungua naongeza mengine juu yake." Nyumba nzima ikavunjika mbavu. Nikakupigapiga begani. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukupongeza hadharani, na nilikupongeza kwa kujitukana.

Toka siku hiyo sikuwa na haja ya kusema. Mtu akikusifu, ulijiponda mwenyewe kabla sijameza mate. Ulikuwa na vichekesho vyako, vya kichwa kibovu, vya hesabu, vya kusahau. Watu walisema msichana huyu mcheshi kweli, amemrithi baba yake. Walimu wa sekondari walikuuliza kama unafikiria chuo kikuu, ukawaambia, "Nah, school's not really my thing." Nilikusikia ukimwambia rafiki yako hivyo kwenye simu, bila huzuni yoyote, kama mtu anayesema hali pilipili.

Wakati mwingine nakukasirikia. Nitakuambia na hili, maana nimeshaamua kusema. Nakukasirikia kwa kuniamini. Nawaza, mtoto mwenye akili kweli angenishtukia, angeona kwamba mzee huyu anaongopa. Unaona? Hata humu ndani ya barua nimekutukana tena.

Sasa lile la sajenti. Wiki tatu zilizopita alikuja akakaa kwenye kochi letu na majibu ya mtihani wako wa kujiunga na jeshi. Alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa kochi. Akasema ameandikisha vijana miaka mingi na alama kama zako haoni mara nyingi. Akataja kazi unazoweza kuchagua: chuo cha lugha, mitambo ya mawasiliano, maabara ya hospitali. Akasema jeshi litakusomesha mpaka utachoka. Wewe ukacheka, ukatikisa kichwa, ukasema, "I just got lucky. Nilikuwa nabahatisha tu, ask my dad."

Yule kijana wa watu akanigeukia mimi. Akaniuliza kama sioni fahari.

Nakiete, mimi nilikuwa nimeshajua yote haya ninayokuandikia. Nilikuwa na miaka minane ya kujifunza. Na mdomo ulifunguka wenyewe ukasema, "Huyu? Labda mashine yenu imeharibika."

Tukacheka, mimi na wewe. Tulicheka kwa pamoja, sauti moja, kama watu waliofanya kazi pamoja muda mrefu. Sajenti hakucheka. Akakuuliza sasa unataka nini, ukaweka kidole kwenye karatasi, kazi ya stoo, kupanga maboksi na kuhesabu mablanketi, ukasema hiyo ndiyo saizi yako. Ukasaini mara ya kwanza. Nilikuona unavyoshika kalamu, unaibana kati ya vidole vitatu kama ulivyofanya tangu utotoni, na nikaondoka kwenda kuangalia chai.

Ijumaa niliitoa fomu kabatini. Jana nilimpigia sajenti simu. Nilimuuliza kama kazi inaweza kubadilishwa. Akasema saini ya mwisho ni hiyo ya kesho, kabla ya kuapa, na kabla ya hapo unaweza kusema umebadili mawazo. Nafasi ya chuo cha lugha bado ipo, ameiangalia kwenye kompyuta yao akiwa anaongea nami. Lakini lazima useme wewe, kwa mdomo wako, mzazi hawezi kukusemea. Ukishasaini yamekwisha, ni miaka minne ya mablanketi. Kisha akaniuliza, kwa upole, kwa nini nisikuambie mwenyewe.

Nilijaribu leo mezani. Nilisema, "Nakiete." Ukasema, "Yes, Baba?" Ukaweka uma chini, ukanitazama, na mama yako akanitazama. Nikasema umetia chumvi nyingi kwenye wali. Chumvi haikuwa nyingi.

Mama yako hajui habari za fomu. Nitamwambia kesho akirudi kutoka kazini, kwa wale wazee anaowaogesha, wakati wewe uko njiani. Ameichukia shule ile miaka minane kwa ajili yangu, na sijui chuki hiyo ataielekeza wapi nikishamwambia, ingawa nina wazo. Hilo ni la kwangu na yeye. Wewe usipige simu kumtuliza.

Siwezi kukufundisha jinsi ya kulea, maana ukiniuliza cheti changu, sina cha kuonyesha. Ninachoweza kusema ni hiki nilichokiona kwa macho yangu. Baba yangu alinilea kwa kuniponda, nikakua nimenyooka. Bwana Curtis alimlea Darnell kwa makofi, naye amenyooka. Nilikuwa nadhani moja ya njia hizo ni mbaya na nikakaa miaka mingi nabishana nayo dirishani. Mimi sikufuata hata moja. Nilichukua matusi ya kwetu nikayaleta mahali ambapo hakuna shangazi, nikayapeleka kwa watu wanaoandika kila wanachosikia, na mtoto wangu akayasikia akiwa peke yake. Ukipata mtoto, na ukawa naye mbali na watu wako, ujue kwamba wewe ndiye watu wake wote. Maneno ya wengine wote itabidi uyaseme wewe.

Sikuandikii unisamehe. Ukinisamehe kesho ndani ya gari utakuwa umefanya haraka, na utakuwa umenisamehe ili nisionekane mbaya mbele ya sajenti, kama ulivyofanya kwa Bi. Harmon. Kaa na hasira yako. Itumie kama unaweza. Usinipigie simu mpaka uwe na la kuniambia, na likiwa tusi, liwe tusi la kweli, si kichekesho.

Na sikiliza hili kwa makini, maana najijua. Sajenti atakuja mlangoni saa kumi na moja alfajiri. Nitakuwa nimevaa, nitakuwa nimesimama pale. Atasema neno zuri juu yako, ni kijana mwenye adabu, hawezi kuacha. Na mimi nitafungua mdomo na litatoka lilelile. Nimejaribu mbele ya kioo bafuni, nimesema sentensi moja nzuri juu yako, nikaona uso wangu unajikunja kabla sijaimaliza. Nina miaka hamsini na moja, sidhani kama nitapona kabla ya alfajiri. Kwa hiyo lolote nitakalosema pale mlangoni ni uongo. Usicheke. Usinisaidie kulimalizia. Chukua begi lako upande gari, ufungue bahasha hii.

Wakikuwekea karatasi mbele, ukajisikia unataka kusema ulibahatisha, ujue hiyo ni sauti yangu, na mimi nilikuwa nadanganya. Sikukosea, Nakiete. Mtu anayekosea hajui. Una akili kuliko mimi, kuliko baba yangu, kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye meza moja. Nilijua ulipokuwa na miaka minne. Nilijua siku ile kwa Bi. Harmon, nikicheka. Nilijua nilipofunga lile kabati. Nilijua siku zote.

Baba yako